Kipimo cha Kreni

Kipigo cha kwanza kilimkuta katikati ya ngazi ya mbao, robo nzima ya ng'ombe ikiwa begani. Kilikuwa kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono, na kwa kuwa suruali ilikuwa imelowa damu na maji, mlio wake ulifika hadi kwenye chumba cha kuchunia ngozi. Wanaume wawili waliokuwa wakipanda nyuma yake, nao wamebeba, wakasimama.

"Nani kakwambia upumzike?" nyapara aliuliza.

Hakuwa anapumzika. Kitu kilikuwa kimemkaba katikati ya kifua, kama mtu aliyeingiza mkono huko ndani, akaikusanya nyama yote na kuifinya kama koleo. Kikapanda shingoni, kikakaa kwenye taya ya kushoto. Alitaka kujibu. Mdomo ulifunguka, pumzi haikuja. Kipigo cha pili kikampata kiunoni, cha tatu kisogoni, na hapo robo ya ng'ombe ikamponyoka, ikagonga ukingo wa ngazi na kutumbukia kwenye mfereji wa maji machafu.

Nyapara aliitazama nyama kwanza. Kisha akamtazama mtu.

"Ingia uitoe."

Aliingia. Aliiosha akiwa amepiga magoti, akaitwika upya, akapanda nayo hadi kwenye mlango wa gari la nyama. Alipoitundika kwenye kulabu, vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa havina habari.

Pale machinjioni walimwita Kreni. Jina alilipata mwaka wake wa kwanza, miaka kumi na tisa iliyopita, alipokuwa akibeba robo mbili kwa mpigo, moja kila bega, na bado akipiga mluzi. Wachinjaji walimtania kwamba akifa hatatafutiwa kaburi, atatafutiwa bandari. Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kwa miezi mitatu alikuwa akiinama katikati ya ngazi kujifanya anafunga buti, ingawa buti za mpira hazina kamba, na wenzake walijifanya kumwamini.

Mke wake alikuwa muosha matumbo kwenye jengo hilohilo, upande wa nyuma. Jioni ile, mumewe alipovua shati, alihesabu alama tatu nene zilizovimba. Akamwaga maji ya chumvi kwenye kitambaa na kumkanda bila kuuliza nani. Alichouliza ni kingine.

"Kwa nini ulisimama?"

"Nilichoka kidogo."

"Baba Salma, nimelala na wewe miaka ishirini na mbili. Najua ukichoka unavyokuwa. Usiku unakaa kitako kama mtu anayesubiri gari."

Kesho yake akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto mtoro, akampeleka zahanati ya serikali.

Daktari wa zahanati alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akaandika barua ya nusu ukurasa: mgonjwa apimwe moyo kwa mashine ya kukimbilia, na hadi majibu yatoke asibebe chochote kizito. Sheria, alisema, inamtaka mwajiri agharimie kipimo. Kisha akaingia mgonjwa mwingine, na Kreni akabaki na nesi.

Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti iliyozoea kelele za foleni. Alimkalisha, akamweleza kama anayemfundisha mtu kuvuka barabara.

"Sikiliza, kaka. Watakubandika vitu kifuani vyenye nyaya, halafu utatembea juu ya mkanda unaozunguka. Kila baada ya dakika tatu mkanda unaongeza mwendo na unainuka kama mlima. Wanataka kuuona moyo wako ukiwa kazini, maana ukikaa hapa kwenye kiti unatudanganya. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kwa saa tatu kabla ya kipimo, usile. Chai na kahawa, usiguse toka jana yake. Sigara hivyohivyo. Kazi nzito siku hiyo, marufuku, uende umepumzika. Vaa viatu vyepesi. Dawa unazomeza uwaambie." Akainua kidole. "Na hili ndilo kubwa. Ukisikia kifua kinabana, au taya, au mkono, au pumzi inakatika, au macho yanafifia, unasema. Palepale. Na wao wanasimamisha. Hiyo ni haki yako, wala huombi."

"Nikisema mapema si nitakuwa nimeshindwa?"

"Unaona sasa? Ndiyo maana wanaume mnatufia. Hakuna anayeshindwa hapo. Ukisimama kwa sababu ya maumivu, hayo ndiyo majibu yenyewe. Usije ukajitia uanaume, kipimo hiki hakina medali."

Akamwandikia yote nyuma ya kadi. Nyumbani, binti yao Salma, aliyekuwa darasa la sita, akageuka mwalimu. Kila jioni alikuwa akimsimamisha baba yake ukutani.

"Kifua kikibana unafanyaje?"

"Nasema."

"Unasema nini?"

"Nasema simamisha."

"Sijasikia, mwanafunzi."

"Simamisha!" Kreni alikuwa akipaza sauti, na wote watatu wakicheka.

Barua ilikaa ofisini majuma matano. Katika majuma hayo matano aliendelea kubeba, kwa sababu nyapara alisema karatasi ambayo haijapigwa muhuri ni ya kufungia karanga. Siku aliyoitwa, afisa wa utumishi alimpokea kwa upole, akamwonyesha kiti, akamsukumia fomu upande wake wa meza. Alikuwa kijana msafi, mwenye kucha safi kuliko sahani.

"Mzee, sisi tunafuata sheria. Utapimwa kesho saa nne kwenye kliniki ya kampuni. Fomu ni rahisi tu, ina visanduku viwili. Hiki: amemaliza kipimo. Hiki: amekataa kipimo. Ukimaliza, maana yake u mzima, unarudi kwenye kazi yako. Ukikataa, umegoma, na aliyegoma amejiachisha kazi mwenyewe."

Kreni aliitazama fomu.

"Na kama nikiumwa katikati?"

Afisa akaigeuza fomu, akaangalia nyuma, kana kwamba naye alitaka kujua.

"Hapo hakuna kisanduku," alisema.

Siku ya kipimo aliamka bila kunywa chai. Alifika machinjioni na viatu vya raba alivyoazima kwa shemeji yake, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la nje kusubiri. Nyapara akamkuta hapo.

"Kipimo saa nne," alisema. "Sasa hivi saa kumi na mbili. Gari halijipakii."

"Nesi alisema nisifanye kazi nzito."

"Nesi gani? Anafanya kazi hapa?" Nyapara akampiga kofi, si kubwa, la kumwamsha tu. "Mwambie aje abebe yeye."

Alipakia. Robo thelathini na moja, peke yake kwa upande wa kulia, kwa sababu siku hiyo walipunguza watu. Mara mbili alikaa chini ndani ya gari, kwenye baridi, mgongo umeegemea mbavu za ng'ombe, mpaka kifua kilipolegea. Ilipofika saa tatu na nusu, raba za shemeji zilikuwa nyekundu.

Alipelekwa na gari hilohilo. Afisa wa utumishi alikuwa amepanga kila kitu: gari lilikuwa linaanza mzunguko wa kupeleka nyama mabuchani, lipite kliniki, dereva asubiri nusu saa, kisha Kreni aendelee nalo kusaidia kushusha. Hivyo siku ya kampuni isipotee. Afisa na nyapara walitangulia na gari dogo. Mke wake aliomba ruhusa ya kumsindikiza, akakataliwa. Akaacha matumbo yakielea kwenye beseni, akajipandia mbele kwa dereva, aproni ikiwa bado shingoni.

"Shemeji, utanitia matatizoni," dereva alisema.

"Endesha," akamjibu.

Kwenye geti la kliniki mlinzi alimzuia. Wagonjwa wa kampuni tu. Kreni akaingia peke yake.

Chumba kilikuwa na harufu ya spiriti. Daktari wa kliniki alikuwa mezani, simu mkononi, hakuinua uso. Aliyemshughulikia ni fundi wa mashine, mtu mzima wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimnyoa kifua kwa wembe mkavu, haraka, akimkata sehemu mbili, akaomba radhi kwa sauti ndogo, akambandika vibandiko kumi na nyaya zake. Kisha akaona viatu.

"Umetoka kazini?"

"Ndiyo."

"Umebeba?"

"Nimepakia gari."

Fundi aligeuka. "Daktari, huyu hajapumzika. Sheria ya kipimo..."

"Sheria ya kipimo naijua," daktari alisema bila kuinua uso. "Mpandishe."

Afisa wa utumishi alikaa kwenye kiti cha pembeni na fomu yake juu ya ubao. Nyapara, ambaye kwenye fomu aliandikwa kuwa shahidi wa kampuni, alisimama nyuma ya mashine, mikono kifuani. Mkanda ukaanza kuzunguka.

Dakika tatu za kwanza Kreni alizitembea vizuri. Alishangaa jinsi ilivyo rahisi kupanda bila ng'ombe begani. Mashine ikanguruma, mbele ikainuka, mwendo ukaongezeka. Dakika ya nne. Dakika ya tano. Kwenye dakika ya sita lile koleo likaja. Lilianza dogo, kama mtu anayebisha hodi, halafu likaingia.

"Daktari," alisema. "Kifua."

Daktari alimtazama afisa. Afisa akafungua kalamu.

"Mzee, unakataa kipimo?"

"Sikatai. Nasema kifua kinabana."

"Kwa hiyo hukatai."

"Sikatai, lakini..."

"Basi endelea."

Mashine ikainuka tena. Sasa ilimbidi akimbie. Karatasi ya moyo ilikuwa inatoka kwenye mashine nyingine, ile ya kuandika, ikijikunja sakafuni kama ulimi. Fundi aliinama, akaivuta, akaishika kwenye mwanga.

"Daktari, mistari inashuka. Inashuka sana."

"Naiona."

"Inabidi tusimamishe."

"Bado dakika mbili akamilishe."

Taya ilikuwa inauma kana kwamba meno yanang'olewa yote kwa pamoja. Jasho la baridi lilimwingia machoni. Alisikia sauti ya binti yake ikimwambia sijasikia, mwanafunzi, na akaona aibu kwamba angeweza kufa mbele ya wanaume hawa kwa sababu ya adabu.

"Simamisha," alisema.

Mkanda uliendelea.

"Simamisha!"

"Huko ndiko kukataa?" afisa aliuliza, akimwuliza daktari, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

Kreni alijaribu kurukia pembeni. Hapo nyapara akamshika mshipi wa suruali kwa nyuma, akambakiza kwenye mkanda, akamsukuma kwa kiganja kingine kati ya mabega, palepale ilipokaa robo ya ng'ombe kwa miaka kumi na tisa. "Maliza, mzee. Maliza, tuondoke. Kutwa nzima unajifanya mgonjwa."

Fundi akanyoosha mkono kwenye kitufe chekundu. Daktari akaupiga ule mkono.

Kreni hakufikiri. Kiwiko kilirudi nyuma chenyewe, kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kubeba ng'ombe, kikampata nyapara puani. Pua ilivunjika kwa mlio ambao kila mfanyakazi wa machinjio angeutambua. Nyapara akaachia mshipi. Kreni akayumba, miguu ikakosa mkanda, uso ukaufuata. Mkanda ulimkwangua kuanzia nyusi hadi kidevu, ukamtupa nyuma ukutani, nyaya zikiwa bado kifuani, nyingine zimeng'oka na ngozi.

Fundi aliruka, akauchomoa waya wa ile mashine ya mkanda ukutani. Mkanda ukasimama.

Nyapara hakusimama. Damu ilikuwa inamdondoka kwenye shati, na machozi yasiyo ya huzuni yakimtoka. Alimpiga Kreni teke la mbavu, na la pili, na la tatu, akihema kila teke na tusi lake. Mashine ya kuandika ilikuwa bado imewashwa na nyaya nne bado zimeshika. Kila teke likachora mlima kwenye karatasi. Afisa wa utumishi alivuta miguu yake chini ya kiti ili isichafuke.

"Inatosha," alisema baada ya teke la sita. "Inatosha, tuko ofisini."

Nje, mke alikuwa amesikia ukelele. Alimpita mlinzi getini. Karibu na mlango mlinzi akamwahi na rungu kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Mkono ukafa. Akaendelea kwenda, akiufungua mlango kwa bega, rungu likimfuata mgongoni. Alipofika ndani mlinzi aliona waungwana na akasimama, akapiga saluti.

Mumewe alikuwa amelala upande, uso umefutika nusu, midomo rangi ya majivu. Mkono wa kushoto ulikuwa unakuna sakafu. Alikuwa hai.

"Mmemfanya nini?"

"Amempiga shahidi," afisa alisema, akiandika. "Na amekataa kipimo." Akaweka alama kwenye kisanduku, akamgeuzia daktari fomu, na daktari akasaini.

"Daktari," mke alisema. Alipiga magoti, mkono wa kulia ukining'inia. "Daktari, mtibu. Mimi namjua, huyu anakufa. Mtibu, mengine baadaye."

"Mama, anatakiwa hospitali kubwa. Hii kliniki ni ya wafanyakazi wa kampuni."

"Huyu ni mfanyakazi wa kampuni!"

Daktari aliangalia fomu, kisha saa ya ukutani.

"Alikuwa," alisema. "Mpaka saa nne na dakika ishirini."

Gari la wagonjwa la kliniki lilikuwa limeegeshwa uani, safi, limefunikwa turubai lisipigwe na jua. Dereva wake alisema hatoki bila karatasi. Afisa akaondoka na nyapara kwa gari dogo, kumpeleka akashonwe pua.

Aliyembeba Kreni ni fundi wa mashine na dereva wa gari la nyama. Fundi alimtia kidonge cha aspirini mdomoni. "Kitafune, kaka. Usikimeze kizima, kitafune." Alikuwa amekunja kipande cha karatasi ya moyo mfukoni amkabidhi mke, lakini daktari alikuwa mlangoni amenyoosha kiganja, na fundi, baada ya kusita, akakitoa na kukiweka juu ya kiganja kile. Kisha akainamisha kichwa, akashika miguu ya Kreni bila kumtazama mke usoni.

Mbele hapakuwa na nafasi ya kumlaza. Walimlaza nyuma, kwenye sakafu ya bati, chini ya robo thelathini na moja alizozipakia. Mke alimtandikia makoti meupe ya wapakiaji, akamfunika mengine, akakaa na kichwa chake pajani.

"Hospitali," alimwambia dereva. "Moja kwa moja."

Dereva alishika mlango, hakuufunga.

"Shemeji, hili gari lina kifaa. Wanaona kila kona ninayokata. Nikienda kwingine kabla ya kushusha, leo jioni na mimi sina kazi, na nina wanne." Alikuwa analia, mtu mzima, bila kujifuta. "Ni mabucha matano tu. Yako njiani. Nitakimbiza. Wallahi nitakimbiza."

"Atakufa!"

"Nitakimbiza, shemeji."

Mlango ukafungwa. Mashine ya baridi ikawaka. Gizani, mke aliingiza mkono wake wa kushoto, ule mzima, chini ya makoti, akaupapasa moyo wa mumewe. Akaupata. Ulikuwa unakwenda kama mtu anayekimbia na mguu mmoja. Nyama zilikuwa zinagongana juu yao kila gari lilipokata kona, na maji ya damu yakiwadondokea. Alimwita kwa jina alilopewa na mama yake, lile ambalo machinjioni hakuna aliyelijua. Kreni alijibu kitu. Labda alisema simamisha.

Gari liliposimama, milango ilifunguliwa kwa nguvu na mwanga ukawapiga machoni. Lilikuwa bucha la kwanza. Wapakuaji wawili walipanda na kuanza kushusha robo moja baada ya nyingine, wakizivusha juu ya kichwa chake, wakipita, wakirudi, wakihesabu kwa sauti. Mmoja wao, aliyetoka juani na macho hayajazoea giza, alipiga hatua mpaka nyuma kabisa, akainama, akakamata kifundo cha mguu wa Kreni na kuvuta.

Mke akaupiga mkono ule kwa kiganja. Mpakuaji akaruka.

"Na hii?" aliita kwa dereva. "Hii inashuka wapi?"

Kule nje dereva alikuwa ameinama juu ya karatasi ya mabucha, anaifuata kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Hiyo iache," alisema. "Hiyo ni ya mwisho."

Wakashuka. Milango ikafungwa, komeo likapigwa kwa nje, na mkono wa mke ukarudi chini ya makoti kuutafuta moyo, ukaukosa mahali ulipokuwa, ukasogea kidogo juu, ukaendelea kutafuta.